Miti ina dawa, lakini je, figo ya mgonjwa wa kisukari inaihimili?

Jirani yangu hapa Nairobi, mama wa makamo ambaye ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka 15, alinionyesha chupa ya nusu lita iliyojaa maji ya rangi ya kahawia aliyoyanunua kwa muuza mitishamba. Chupa haikuwa na kibandiko chochote. Aliagizwa anywe kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wiki chache kabla ya hapo, kijikaratasi cha kupimia mkojo wake kliniki kilikuwa kimegeuka kutoka manjano kuwa kijani, ishara kwamba figo zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Aliniuliza swali la haki kabisa: kwani miti haina dawa?

Inayo, na ugonjwa huuhuu ndio ushahidi mzuri. Mwaka 1835 wakemia wa Ulaya walipata florizini kutoka kwa magome ya mtofaa, na baadaye katika karne hiyohiyo ikagunduliwa kwamba kemikali hiyo huifanya figo itoe sukari kwenye mkojo. Kwa muda mrefu haikufaa kuwa kidonge, kwa sababu humeng'enywa tumboni kabla ya kufika kwenye damu na huweza kuharisha. Wanasayansi waliibadilisha umbo hadi wakapata dawa za jamii ya gliflozini. Mojawapo, kanagliflozini, ilijaribiwa kwa wagonjwa 4,401 wa kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zilikuwa tayari zinavujisha protini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ilipunguza kwa takriban asilimia 30 hatari ya figo kuharibika kabisa, ya kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zinaposhindwa kuichuja) kupanda maradufu, au ya kufa kwa sababu ya figo au moyo. Kwa hiyo daktari anayedharau mitishamba kwa sababu tu ni mitishamba anaidharau asili ya dawa anazoziandika mwenyewe.

Hata hivyo, kati ya gome la mtofaa na kile kidonge kuna safari ya zaidi ya miaka 150, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba cha asili hakidhuru. Kemikali iliyomo katika bizari ya manjano tunayotia kwenye pilau, pamoja na nyingine nyingi za mimea, zimepunguza uharibifu wa figo kwa panya. Lakini aghalabu panya hao hupewa kisukari kwa sindano inayoua seli za kongosho, kisha hutibiwa kwa wiki chache, ilhali figo ya binadamu huharibika polepole kwa miaka mingi, ikisukumwa pia na shinikizo la damu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa bardoksoloni, iliyotengenezwa kutokana na asidi ya oleanoliki, kemikali iliyomo katika mimea mingi ukiwemo mzeituni. Vipimo vya wagonjwa wa kisukari walioinywa vilionyesha figo zikichuja damu vizuri zaidi, na matumaini yakawa makubwa. Jaribio kubwa la wagonjwa 2,185 lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu waliopewa dawa hiyo walikuwa wakipatwa na moyo kushindwa kufanya kazi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Ikiwa kemikali moja iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu iliweza kuupamba usomaji wa maabara huku ikiuumiza moyo, sioni jinsi kifuniko cha chupa kinavyoweza kuaminiwa kuwa kipimo.

Isitoshe, mmea wenyewe unaweza kuwa ndio sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake zaidi ya 100 jijini Brussels waliharibika figo baada ya kunywa dawa za kupunguza unene ambamo badala ya mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umewekwa kimakosa mwingine wa jamii ya Aristolochia. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Sitaki kumlaumu jirani yangu. Dawa mpya ni ghali, foleni za kliniki ni ndefu, na muuza mitishamba alimsikiliza kwa nusu saa nzima, jambo ambalo hajalipata hospitalini. Hilo ni kosa letu la kweli. Nilimsihi asiache vidonge vyake, na aibebe chupa ile siku ya kliniki ili kreatinini na potasiamu yake vipimwe. Daktari alimuuliza ni mti gani. Mama hakujua, na muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba ni mchanganyiko wa miti saba, akataja miwili tu, mwarobaini na mlonge.