Askari Akisimama Chini ya Dirisha la Darasa

Tulikuwa kumi na wawili kwenye semina. Mada ilikuwa migomo ya wafanyakazi, na dada mmoja aliyekaa karibu na dirisha alikuwa akizungumza kwa moto hasa. Ghafla akanyamaza. Chini, kwenye ngazi za maktaba, walisimama askari wawili wenye sare, mmoja akichezea simu. Hawakututazama wala hawakuuliza kitu. Lakini dada yule aliporudi kwenye hoja yake alianza na "mimi sisemi kwamba...", na tangu hapo kila aliyefungua mdomo akaanza hivyo hivyo. Baadaye tuliambiwa walikuwa wakifuatilia kompyuta zilizoibwa.

Naikumbuka siku ile kila ninaposikia kwamba polisi wanawekwa kampasi kwa usalama tu, na asiye na kosa hana la kuogopa. Marungu na mabomu ya machozi tunayahesabu kwa sababu yanaonekana. Swali ambalo mwanafunzi amelimeza haliingii kwenye taarifa yoyote.

Mvutano huu ni wa kale mno. Mwaka 1229 huko Paris, ugomvi wa wanafunzi na mwenye kilabu cha pombe uliishia kwa walinzi wa mji kuua wanafunzi kadhaa. Walimu wakasimamisha masomo wakatawanyika, wengine wakavuka hadi Oxford. Mwaka 1231 Papa Gregori IX akatoa hati iliyowapa haki ya kugoma kufundisha wanapodhulumiwa. Buenos Aires, Argentina nako, usiku wa 29 Julai 1966, mara tu baada ya serikali ya kijeshi ya Onganía kuvinyang'anya vyuo vikuu mamlaka ya kujiendesha, polisi waliingia Kitivo cha Sayansi wakawapitisha wahadhiri na wanafunzi katikati ya safu mbili za askari, huku wakiwachapa virungu. Mamia ya wahadhiri walijiuzulu. Wengi walihama, wakaenda kufundisha watoto wa nchi nyingine.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau hata kidogo. Msichana anayetoka maktaba saa nne usiku ana haki ya kufika bwenini salama. Mbakaji au mwenye kisu hapati kinga eti kwa sababu yuko chuoni. Polisi waje, wawe na hati, wamchukue wanayemtafuta, waondoke. Ila msichana yule kwanza anahitaji taa njiani na walinzi wa chuo waliofunzwa kazi, ambao anaweza kuwashtaki kwa uongozi wakimkosea. Askari wa kudumu, mwenye bosi nje ya chuo na daftari la majina mfukoni, ni jambo jingine kabisa.

Wasomi wa Afrika walishalifikiria hili. Azimio la Kampala la Novemba 1990 kuhusu uhuru wa wasomi linakataza dola kupeleka vikosi vya usalama katika taasisi za elimu, isipokuwa masharti matatu yatimie: hatari iwe ya wazi na iliyo karibu kwa maisha na mali, mkuu wa taasisi aombe kwa maandishi, na ombi lake liidhinishwe na kamati iliyochaguliwa na jumuiya ya chuo.

Hilo la tatu ndilo ninalolishikilia. Katika nchi nyingi mkuu wa chuo kikuu ni mteule wa serikali, na simu moja ya usiku inatosha kumfanya asaini barua. Kamati iliyochaguliwa na wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi si rahisi kuipigia simu. Chuo kisicho nayo kiiunde sasa, kabla ya mgomo ujao, wakati watu bado wanaweza kukaa chumba kimoja na kubishana nani aingie na nani asiingie.