Kamari Iliyovikwa Joho la Mchezo
Hapa Mwanga, Kigoma, asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kisheria kubeti, lakini mpwa wangu wa darasa la sita anaweza, katika mchezo wa mpira ulio kwenye simu ya mama yake, kununua kasha la kidijitali asilojua lina nini, likafunguka kwa mbwembwe za taa na muziki, kisha akaambulia mchezaji yule yule aliye naye tayari. Na mchezo wenyewe eti ni wa bure! Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fedha hugeuzwa kwanza kuwa sarafu za mchezo, tena kwa mafungu yasiyolingana na bei za makasha, ili kila mara libaki salio la kumshawishi aongeze, naye asikumbuke ametumia shilingi ngapi. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba makasha ya kulipia katika baadhi ya michezo ni kamari. Huku kwetu dada bado anadhani mwanawe anacheza mpira tu.