Fimbo ya Simba na ndizi za panya buku

Nina miaka saba hapa Leipzig, Ujerumani, na kila nikirudi likizo Morogoro kuna jambo moja linaniuma: namna tunavyowafundisha mbwa wetu.

Kwetu Kihonda mbwa wa ulinzi hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na elimu yake yote ni fimbo. Mbwa wetu Simba ndivyo alivyokuzwa. Mwaka jana nilinyanyua mkono kuanua nguo kwenye kamba, akalala chali na kujikojolea. Hakuna aliyemgusa. Mkono tu.

Huku jirani yangu, bibi mmoja mstaafu, huniachia mbwa wake nimtembeze. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mfukoni naweka vipande vya jibini vidogo kama punje za mahindi. Nikimwita akageuza tu shingo, papo hapo nasema "ndiyo!", halafu nampa. Kazi yote iko kwenye hilo neno. Ukichelewa kidogo, mbwa ameshaanza kunusa nyasi, na hapo unakuwa umemlipa kwa kunusa nyasi. Akinirukia namgeuzia mgongo, hapati kitu, akitulia, anapata. Sheria nayo iko upande wake: tangu Januari 2022 ni marufuku hapa kumfundisha mbwa kwa kola ya miba au kifaa kingine cha kumuumiza.

Nikisimulia haya nyumbani, kaka yangu hunijibu, "Hayo ya wazungu, wana hela ya kulisha mbwa jibini." Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Mjini kwetu, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limefundisha panya buku kwa miaka mingi kunusa mabomu ya ardhini, na fimbo haimo. Panya akiipatia harufu husikia mlio mdogo, "tik", kisha hupewa chakula, mara nyingi ndizi. Panya mmoja, Magawa, alitoka hapo akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Panya wa Morogoro amefundishika kwa ndizi. Simba amekosa nini?

Si kwamba mbwa wa huku ana raha zote. Wengi hushinda ghorofani peke yao wakisubiri sauti ya ufunguo mlangoni. Simba ana watoto, kuku, wapita njia, na mama anayemwekea ukoko wa ugali. Kwa hilo kwetu ni bora, na sitaki tulipoteze.

Likizo iliyopita nilimwomba mama dagaa, nikawaosha chumvi, nikakaa kwenye kigoda mbali na Simba bila kumkazia macho. Siku ya kwanza alikula nilipoondoka tu. Siku ya nne alikuja aliposikia jina lake, mkia ukiwa bado katikati ya miguu. Siku ya tisa nilienda kuanua nguo. Mkono ulipopanda alirudi nyuma hatua mbili, lakini hakulala, na mimi nikasema "ndiyo!" haraka nikamrushia dagaa.

Kaka alikuwa ameegemea mlango, anaangalia. Jioni akaniuliza dagaa wa wiki nzima ni kiasi gani.