Cheti cha Farasi: Chuo Kinatoa Nini, na Zizi Linatoa Nini

Wengi wanaojiandikisha kusomea farasi huvutwa na kupanda. Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa iko chini, miguuni na tumboni mwa mnyama. Farasi wa kilo 500 anahitaji takriban kilo 7.5 hadi 10 za majani makavu kwa siku na maji lita 25 hadi 55, zaidi kukiwa na joto. Chumba chake husafishwa kila siku, kwato huchokolewa kabla na baada ya kazi, na fundi wa kwato hupita kila wiki 6 hadi 8. Saisi, yaani mtunza farasi, mwenye farasi watano humaliza nusu ya siku kabla hajatia mguu kwenye kikuku, ile pete ya kukanyagia ya tandiko. Kwa hiyo swali la kama mtu aende chuo au aanze kazi moja kwa moja zizini lipimwe hapo kwanza: nani anakufundisha vizuri zaidi hizo saa za chini?

Wenye mazizi husema ni wao, na hawasemi uongo. Ila zizi hufundisha kanuni bila sababu zake. Saisi mpya huambiwa asizidishe nafaka, naye hutii, mpaka siku atakapoamriwa vingine. Chuoni anaonyeshwa ni kwa nini. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, kama lita 8 hadi 15, linatoa asidi mchana na usiku, na farasi hawezi kutapika. Ndiyo maana nafaka hukaa chini ya kilo 2 kwa mlo mmoja, na chakula kipya huingizwa polepole kwa siku 7 hadi 14. Nafaka ikizidi, wanga hupita bila kusagika hadi utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo au laminaitisi, yaani kuvimba kwa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato.

Aliyeelewa hilo anajua pia la kufanya farasi anapovunja mlango wa stoo na kula gunia la nafaka. Anamwita daktari wa mifugo palepale, kwa sababu kuchechemea huweza kuja siku moja au mbili baadaye, madhara yakiwa tayari yametokea. Asiyeelewa anamtazama farasi, anamwona mzima, anashukuru na kwenda kulala.

Zizi pia hurithisha makosa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba farasi aliyetoka jasho asinywe maji wala kumwagiwa maji baridi, eti misuli itakaza. Tafiti zilizofanywa kuelekea Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 zilionyesha kuwa maji baridi mengi mwilini ndiyo njia salama na ya haraka ya kumpoza. Bado wako wanaoikataza ndoo, na saisi kijana hana pa kusimama kuwabishia.

Hata hivyo, chuo kina udhaifu ambao vipeperushi vyake havitautaja. Chukua somo la mapigo ya moyo. Mwanafunzi anafundishwa kuweka vidole viwili kwenye mshipa unaopita ukingoni mwa mfupa wa taya ya chini, ahesabu kwa sekunde 15 kisha azidishe kwa 4. Farasi mzima aliyetulia hupata kati ya 28 na 44 kwa dakika. Anajifunza pia kutafuta mapigo nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, ambayo huwa dhaifu kwa mnyama mwenye afya na hudunda kwa nguvu ukwato ukivimba. Yote sahihi, na mtihani anaufaulu. Lakini farasi ambaye kawaida yake ni 30 akifika 44 ameshabadilika sana, na bado yumo ndani ya viwango alivyofundishwa. Kulijua hilo kunahitaji kumgusa mnyama yuleyule kila siku kwa majuma, kuona kinyesi chake, kujua anaacha majani kiasi gani asubuhi. Chuoni farasi mmoja hupita mikononi mwa wanafunzi wengi, na kila mmoja humkabidhi mwenzake kipindi kikiisha.

Kwenye kupanda, tofauti ni kubwa zaidi. Farasi wa mafunzo wamezoea kazi: wanaingia telki, yaani mwendo wa kukimbia polepole, kabla hujamaliza kuomba, na wanasamehe mkono mzito kwenye hatamu. Wanafaa sana kumjenga mpandaji, hasa farasi akizungushwa kwa kamba ndefu na mpandaji akiwa juu bila vikuku hadi kiuno chake kifuate mwendo. Mwajiri, kwa upande wake, ana farasi wa miaka minne asiyejua lolote, anayevimbisha kifua mkanda wa tandiko unapokazwa. Ukimfunga kwa mara moja kwa nguvu, anaweza kuruka au kujitupa nyuma. Ukiuacha mkanda umelegea, tandiko linazunguka ukikanyaga kikuku cha kushoto. Hukazwa tundu moja, anatembezwa hatua chache, linakazwa jingine, kisha unaangalia tena ukiwa umeshapanda. Kuelezwa hivyo ni dakika mbili. Kuuzoesha mkono kunataka farasi wengi, wakiwemo wakorofi.

Kwa maoni yangu, anayelazimishwa kuchagua upande mmoja ameulizwa vibaya. Ujerumani ina mafunzo ya miaka 3 yanayoitwa Pferdewirt, ambamo mwanafunzi ameajiriwa zizini huku akihudhuria shule ya ufundi. Uingereza, mitihani ya hatua kwa hatua ya British Horse Society inaweza kufanywa na mtu anayefanya kazi bila kupitia kozi ya chuo. Mifumo yote miwili inamwezesha mtu kumwona farasi yuleyule kila siku huku akisoma.

Chuo cha kawaida kinabaki bora kwa watu wa aina mbili: asiye na njia nyingine ya kumfikia farasi, na anayelenga kufundisha, kusimamia zizi au kuingia kwenye lishe na tiba ya maungo. Mwili wa saisi huchoka mapema kwa marobota na matoroli, na mwenye cheti ana mlango mwingine wa kutokea. Lakini kabla ya kulipa ada, uliza wanafunzi wangapi wanagawana farasi mmoja, nani analisha Jumapili, nani anakagua usiku, na kama kuna farasi wachanga wa kufundishwa. Chuo kinachoajiri watu wa nje kwa kazi za Jumapili kimeshakujibu.