Mwenye mkorogo anachekwa, mwenye kitanda cha jua anasifiwa

Kuna maneno yananikera sana nikiyasikia: "wale hawajipendi". Yaani mtu akiona dada wa Kiafrika au wa Kihindi anapaka krimu ya kujichubua basi kesi imeisha, utamaduni wao ndo umeoza, halafu huyohuyo anayehukumu, huko Ulaya au Marekani, analala kwenye kitanda cha kuotea jua, kile chenye taa za miale kama ya jua, apate rangi ya shaba na anaambiwa umependeza, ulienda likizo wapi?

Na vile vitanda si mchezo jamani, mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka kundi moja na sigara, vitu vinavyojulikana kabisa kuwa vinaleta saratani. Krimu za kujichubua zenye zebaki nazo zinaharibu figo. Wote wanaumia.

Tena hao Wazungu wenyewe wameshapita huku. Karne ya 16 mabibi wakubwa wa Uingereza walijipaka usoni unga mweupe wa madini ya risasi, sumu tupu, kwa sababu ngozi iliyochomwa na jua ilikuwa ya mtu wa shamba. Baadaye wafanyakazi wakaingia viwandani, wakawa hawalioni jua, na kufikia miaka ya 1920 rangi ya jua ikageuka kuwa ya mwenye hela za kwenda kustarehe pwani. Kumbe siku zote watu walikuwa wanaangalia nani ana pesa, ngozi ilikuwa alama tu.

Ila sisemi mambo haya yako sawasawa, hapana. Anayeota jua akiacha kesho hakuna anachopoteza. Dada mweusi amezaliwa kwenye dunia ambayo utumwa na ukoloni ulishampangia rangi yake iwe ya chini, India mpaka leo kuna matangazo ya ndoa yanayotaka binti mweupe, na Fair & Lovely, krimu ya kung'arisha ngozi, iliuzwa kwa jina hilo kuanzia 1975 hadi 2020 ndo wakaona wabadilishe, jina lakini, krimu bado iko sokoni.

Sasa hapo wa kulaumiwa ni yule binti kweli? Mi hasira zangu nazipeleka kwa wanaouza, na kwa sisi nyumbani pia, maana wengi wanaomcheka leo kwa kujichubua ndo walewale waliomwita "cheusi" tangu mtoto huku wakimsifia mdogo wake mweupe mbele ya wageni.