SHA: Tumebishana Kuhusu Makato, Tukaisahau Zahanati

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, Wakenya wamebishana zaidi kuhusu makato. Tuanzie hapo, kwa sababu hesabu hii husemwa nusunusu. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750. Wa 200,000 alikatwa 1,700, na wa milioni moja vilevile 1,700. Sasa kila mmoja anakatwa asilimia 2.75 bila kikomo. Wa 20,000 anatoa 550, wa 200,000 anatoa 5,500. Wenye mishahara minono wamelalamika, na wao husikika upesi, lakini mfumo wa zamani ndio uliokuwa kichekesho: mnyonge akichangia karibu asilimia 4 ya kipato chake, tajiri chini ya asilimia 1. Kwa hili serikali ilikuwa na haki, ingawa mtu wa tabaka la kati, aliyekwisha kukatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, ana sababu ya kunung'unika.

Shida kubwa iko kwa asiye na mshahara, naye ndiye Mkenya wa kawaida. Zamani alilipa 500 kwa mwezi. Sasa anaulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na hali ya maisha yake, anakadiriwa kiwango, kisha anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hata kwa kima cha chini cha 300 kwa mwezi, hizo ni 3,600 mara moja. Watetezi wa utaratibu huu wanasema malipo ya mwezi huwafanya watu wajiunge wakiugua na kutoweka wakipona, na hakuna bima inayoweza kustahimili hivyo. Ni kweli. Lakini mama mboga na mtu wa bodaboda hupata hela zao kwa siku, na suluhisho lililobuniwa, mkopo wa kulipia bima hiyo uitwao Lipa SHA Pole Pole, inamfanya mtu awe mdaiwa hata kabla hajaugua.

Kelele hizi zimefunika sehemu ya mageuzi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye uzito. Kati ya sheria nne za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023, moja inahusu huduma ya msingi. Matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, yanalipiwa na hazina maalum inayotokana na bajeti ya serikali wala si michango, na mgonjwa hapaswi kutozwa kitu. Shinikizo la damu hugunduliwa hapo kwa kifaa cha bei nafuu. Lisipogunduliwa, miaka kadhaa baadaye figo zinakufa na bima inalipia usafishaji wa damu kila wiki, mwaka baada ya mwaka.

Udhaifu wake nao uko wazi. Hazina hiyo hutegemea kinachotengwa bungeni kila mwaka, na fedha kutengwa si fedha kufika. Zahanati ikicheleweshewa malipo, dawa huisha. Mgonjwa anaelekezwa akanunue dukani. Safari ya pili haji tena. Anakwenda moja kwa moja hospitali kubwa, ambako matibabu yake ni ghali zaidi na foleni ni ndefu.

Kisha kuna suala la nani anawajibika. Katiba ya 2010 iliwapa magavana zahanati na hospitali za kaunti, ilhali bima imebaki Nairobi. Rafu zikiwa tupu, kaunti huilaumu SHA, nayo SHA huweza kusema dawa na wafanyakazi ni mzigo wa kaunti. Walau sheria nyingine ya 2023 imeruhusu hospitali za umma zibaki na mapato yake badala ya kuyapeleka kwenye mfuko mkuu wa kaunti. Ni hatua kubwa kuliko inavyosifiwa.

Wapo wanaotaka NHIF irudishwe. Sioni faida, iliziachia hospitali madeni. Bora bunge liifungie hazina ya huduma ya msingi sehemu maalum ya mapato ya taifa, na SHA ichapishe kila mwezi, kituo kwa kituo, kiasi kilichodaiwa, kiasi kilicholipwa na tarehe kilipolipwa.