Ruzuku ya njia ya shule: apewe anayeandika vizuri au anayegongwa zaidi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa Mbagala jijini Dar es Salaam, mlinzi wa shule moja ya msingi anatoka getini na kibao cha mbao kilichoandikwa SIMAMA. Analipwa kulinda geti. Kazi ya kuvusha watoto amejipa mwenyewe. Pundamilia iliyokuwa pale imebaki mstari mmoja na nusu, na lami iliyobaki ni nyeusi tupu. Akinyanyua kibao, daladala zinasimama. Bodaboda hazisimami. Zinapenya kushoto, kwenye upenyo kati ya daladala na mtaro, na hapohapo ndipo watoto wanapotokea.

Ukitaka kubadilisha hali ya pale, fedha zitoke wapi? Wapo wanaosema jibu liko Marekani: serikali kuu itenge fungu maalumu la ruzuku kwa ajili ya njia za watoto kwenda shule. Hoja hiyo ina nguvu, lakini tukiibeba kama ilivyo tutaununua ugonjwa wa wenzetu pamoja na dawa yao.

Tuanze na walichofanya. Mwaka 1969 karibu nusu ya watoto wa Marekani wa miaka 5 hadi 14 walikwenda shule kwa miguu au baiskeli. Mwaka 2009 walikuwa wamebaki asilimia 13 hivi. Wengine walipanda basi la shule au gari la mzazi, na magari hayo ya wazazi yakajaa mbele ya mageti na kuwatia hatarini wachache waliobaki wanatembea. Mwaka 2000 serikali kuu ilitoa fedha kidogo za majaribio kwa maeneo mawili, Marin County huko California na Arlington huko Massachusetts. Mbunge wa Minnesota, James Oberstar, akaishikia bango hoja hiyo, na mwaka 2005 Bunge lao likapitisha mpango wa taifa wenye dola milioni 612 za miaka mitano.

Masharti ya fedha hizo yanafundisha kuliko ukubwa wake. Kila jimbo lilipata kwa hesabu ya wanafunzi wake, na hakuna lililopata chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Halmashauri haikutakiwa kuchangia hata senti. Kila jimbo lililazimika kuwa na mratibu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, si mtu aliyepachikwa jukumu juu ya majukumu mengine saba. Ujenzi ulipaswa kuwa ndani ya maili mbili kutoka shuleni, na kati ya asilimia 10 na 30 ya fedha ikaenda kwenye mambo yasiyo ya ujenzi: mafunzo, hamasa, usimamizi wa sheria.

Wanaoutetea mpango huo wana ushahidi. Huko New York, watafiti walilinganisha maeneo yaliyofanyiwa marekebisho na yale yasiyofanyiwa, wakaangalia saa za kwenda na kutoka shule. Katika maeneo yaliyorekebishwa, kiwango cha watoto wa umri wa shule kuumizwa wakiwa wanatembea kilishuka kwa asilimia 44. Kwa fedha za njia ya miguu, taa na alama, hayo ni matokeo makubwa.

Wakosoaji nao hawakosi la kusema. La kwanza ni urasimu: kipande cha njia ya miguu nje ya shule kilitakiwa kupita taratibu zilezile za barabara inayojengwa kwa fedha za serikali kuu, na miradi mingi ikakaa mezani. La pili, watoto wengi waliacha kutembea kwa sababu shule zilijengwa mbali, na njia nzuri ya miguu haisogezi shule. La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Fedha zikishafika jimboni, ziligawanywa kwa maombi. Anayetaka, aandike andiko.

Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shule anajua andiko lina maana gani. Unahitaji mtu mwenye kompyuta, anayejua kupanga bajeti kwenye majedwali, na mwenye muda. Shule yenye mzazi mhandisi itapata. Shule ambayo wazazi wake wanatoka nyumbani saa kumi usiku kuwahi sokoni itasikia habari hizo baada ya tarehe ya mwisho kupita. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka 2012 mambo yakawa magumu zaidi: mpango uliunganishwa na fungu pana la usafiri, mchango wa asilimia 20 ukaanza kudaiwa, na ulazima wa kuwa na mratibu ukaondolewa. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilirudisha sehemu ya kilichopotea na kuongeza wanafunzi wa sekondari ya juu.

Sasa turudi Mbagala. Marekani walikuwa wanataka watoto washuke kwenye magari watembee. Watoto wetu hawajawahi kupanda. Wanatembea kwa sababu hakuna njia nyingine, au kwa sababu konda amesema wanafunzi wawili tu na wao walikuwa wa tatu. Kule hutoa fedha kuanzisha kinachoitwa basi la miguu, yaani kundi la watoto wanaotembea pamoja mzazi akiwa mbele na mwingine nyuma. Sisi tunalo tangu zamani: dada wa darasa la tano anashika mikono miwili ya wadogo wa darasa la kwanza, bila ruzuku wala kikoti kinachong'aa. Kwa hiyo fungu la hamasa, lenye mantiki kule, hapa ni fedha ya semina na fulana. Hata mafunzo nayatilia shaka. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani mtoto anaambiwa tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia. Anaijua. Asichoweza ni kuzuia pikipiki inayopenya upenyo wa mtaro.

Dar es Salaam ina mfano wake wa kujivunia. Tangu mwaka 2012 shirika la Amend limekuwa likiendesha mpango uitwao SARSAI, ambao hausubiri andiko. Unatafuta shule ambazo watoto wake wanaumia zaidi, watu wanakwenda kutazama njia zenyewe, kisha panajengwa vitu vya kawaida kabisa: matuta, njia ya miguu, nguzo fupi za kuzuia magari, alama, wakati mwingine geti kuhamishiwa upande usio na barabara kubwa. Utafiti uliolinganisha shule zilizorekebishwa na nyingine za jijini humohumo ulikuta viwango vya majeraha vimepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa miji, dola 250,000.

Hapo ningeweza kusema kazi imekwisha, tufuate takwimu tuachane na maandiko. Lakini upande wa pili nao una mambo mawili mazito. Kwanza, takwimu zipi? Mtoto akigongwa na bodaboda mguu ukavunjika, mara nyingi dereva na wazazi wanayamaliza wenyewe: fedha ya hospitali, maji ya kunywa, yamekwisha. Polisi hawana habari. Ukigawa ruzuku kwa kitabu cha polisi, utazikosa shule zilezile ulizozikusudia. SARSAI ilifanikiwa kwa sababu iliuliza mitaani na shuleni, na hiyo ni kazi ya miguu inayotaka watu na nauli.

Pili, andiko, pamoja na ubaya wake wote, linawalazimisha watu wa mtaa kukaa kitako. Marin County hawakuanza na wahandisi, walianza na wazazi. Tuta linalowekwa bila mwenyekiti wa mtaa kujua hukosa mwenyewe. Malori yakilisaga, hakuna wa kupiga simu.

Na kuna baiskeli, ambazo mijini tunazisahau. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana waliofika darasa la tisa rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Utafiti ulionyesha wasichana wa umri husika walioandikishwa sekondari waliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Ukimpa baiskeli binti wa Mbagala umempeleka kwenye upenyo wa mtaro. Lakini binti wa Singida au Simiyu anayetembea saa nzima porini kufika sekondari ya kata hana shida na pundamilia. Anaogopa umbali, na anaowakuta njiani. Ruzuku yenye orodha moja ya vifaa kwa nchi nzima itamkosea mmoja wao.

Kwa hiyo, kama naulizwa, nakubali fungu maalumu. Nakubali pia mratibu mwenye jina na namba ya simu katika kila halmashauri, maana hilo Wamarekani walilipatia mwanzoni na walikosea kuliacha. Mchango wa halmashauri naukataa. Halmashauri maskini ndizo zingekuwa za kwanza kushindwa. Andiko liwe karatasi moja: mwalimu mkuu aandike watoto wangapi wameumia mwaka huu na wapi, kamati ya shule na Serikali ya Mtaa zisaini, mhandisi aje atembee njia hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa nne. Na mjini fedha ianze na kitu kinachopunguza mwendo wa chombo, kabla ya kitu chochote kinachomfundisha mtoto.

Nilimuuliza mwalimu mkuu wa shule ile kwa nini wasipake upya pundamilia yao. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule hupokea ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja, na ndoo ya rangi si bei ya kutisha. Alicheka kidogo. "Rangi ya darasa nanunua, mkaguzi akija naonyesha ukuta. Rangi ya barabarani nitamwonyesha ukuta gani?" Wazazi walishawahi kujichangisha wanunue wenyewe, wakaambiwa barabara ina mwenyewe, wasiiguse. Barua ya kumwomba mwenyewe huyo aje apake iko kwenye faili, nimeiona, ina mhuri wa kupokelewa. Mlinzi ndiye aliyeipeleka, kwa mguu.